Kiganja juu ya boneti

Fundi alipofika yadi alimpita dalali aliyekuwa ameshanyoosha mkono wa salamu, akaenda moja kwa moja kuweka kiganja chake juu ya boneti ya Toyota IST ya rangi ya fedha. Akakiacha hapo kidogo. Kisha akakihamishia kwenye paa la gari hilohilo, halafu akaenda kugusa boneti ya Noah iliyoegeshwa pembeni, chini ya bati lilelile. Ndipo akarudi kumsalimia dalali kwa adabu zote, akaulizia na hali ya nyumbani.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya Jumatano, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam. Jana yake dalali alikuwa amemweleza mnunuzi, muuguzi anayetafuta gari lake la kwanza, kwamba IST ile haijawashwa tangu Jumapili kwa kuwa mwenyewe amesafiri. Paa lilikuwa baridi. Noah ilikuwa baridi. Boneti ya IST ilikuwa na joto la sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu.

Hakuna aliyesema kitu. Fundi hakumshtaki mtu, muuguzi hakuelewa kilichotokea, na dalali aliendelea kusifia tairi. Lakini dalali aliuona ule mkono. Alijua umekwenda kutafuta nini, na fundi alijua kwamba amejua. Mwandishi wa makala haya alikuwa amekwenda pale kwa habari nyingine kabisa, ya bei za magari, na habari hiyo haikuandikwa. Swali lililobaki kichwani lilikuwa moja: kwa nini mtu aamke mapema kwenda kuchemsha injini ya gari ambalo hana safari nalo?

Fundi ni mtu wa makamo. Alianzia Gerezani akiwa kijana wa kushika tochi na kupokea spana, na siku hizi sehemu kubwa ya riziki yake inatoka kwa wanunuzi wanaomlipa awakagulie magari kabla hawajatoa hela. Hataki jina lake litajwe. Wale anaowaharibia biashara Jumatano ndio haohao wanaompigia simu Alhamisi wakitafuta gia boksi.

Kwa maelezo yake, injini iliyolala usiku kucha haijui kusema uongo. Oili yote imeshuka chini. Juu, kwenye vali, kuna vipira vidogo vinavyozuia oili isipenye kuingia mahali inapoungulia petroli. Vipira hivyo vikichoka, oili hujipenyeza taratibu usiku kucha, tone kwa tone, na asubuhi ufunguo wa kwanza ukizungushwa, bomba la nyuma linatoa wingu la moshi wa bluu. Wingu hilo halikai. Baada ya muda mfupi limekwisha, na injini inanguruma vizuri kama haikufanya kitu. Anayeliona ni yule tu aliyekuwepo gari lilipowashwa mara ya kwanza siku hiyo. Aliyekuja saa tatu kuangalia gari lililowashwa saa kumi na mbili ameshapitwa na habari yote.

Na moshi ni jambo moja tu katika mengi. Betri iliyochoka husita asubuhi, lakini ikishapata nusu saa ya injini kuunguruma inapokea chaji ya kutosha kuwasha gari mbele ya mgeni bila aibu. Mnyororo wa injini uliolegea hupiga kelele sekunde chache za mwanzo, kabla oili haijapanda, kisha unanyamaza. Pistoni zilizolika hugonga wakati chuma bado ni baridi, na chuma kikipata moto na kutanuka, mlio unafifia. Kila kimoja kati ya hivi kinaweza kumgharimu mnunuzi fedha ambazo hakuziweka kwenye hesabu, na kila kimoja kinafichwa na mtu mmoja aliyewahi kufika na ufunguo.

Kisha kuna jambo ambalo fundi analisimulia kwa namna ya kumvulia kofia mpinzani. Injini ikiwa na moto, huwezi kufungua mfuniko wa rejeta. Maji yake yako kwenye shinikizo na yatakuunguza uso. Kwa hiyo dalali anaweza kukuonya, tena kwa huruma ya kweli, usiufungue, na wewe utamshukuru. Lakini ndani ya ule mfuniko ndiko kulikokuwa na ushahidi: maji yaliyogeuka rangi ya kutu, au utando wa oili unaoelea juu yake, dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeachia. Joto limeweka mlinzi mlangoni, na mlinzi mwenyewe ana hoja.

Dar es Salaam ina shida yake. Ikifika saa nne, gari lililo juani lina boneti ya kukaangia yai, liwe limewashwa au halijawashwa. Ndiyo maana fundi aligusa paa, na ndiyo maana aligusa gari la jirani. Ikiwa yote yako juani, boneti haisemi kitu, na anahamia kwingine: mpira wa juu wa rejeta, ncha ya bomba la moshi, kijiti cha kupimia oili. Kijiti kikitoka na oili nyepesi yenye uvuguvugu kwenye gari lililodaiwa kulala siku tatu, mazungumzo yanayofuata anayaendesha akiwa na sikio jingine.

Hataki gari baridi peke yake, hata hivyo. Gia boksi ya otomatiki huweza kuwa na tabia ya kinyume: ikiwa baridi inabadilisha vizuri, ikishachemka inaanza kuteleza au kupiga kishindo. Kwa hiyo anachotaka ni gari limwamkie baridi na lichemke mbele ya macho yake. Madalali wengi hupendelea mzunguko mfupi, kutoka yadi hadi kwenye lami, kugeuza, kurudi. Dakika tano. Yeye huomba njia ya Makongo kwenda Goba, yenye vilima, na AC iwe imewashwa muda wote. Wengi hukataa wakisema mafuta ni machache. Huwa anajitolea kuyaweka.

Mengine anayapita haraka, kwa mazoea ya mikono. Anafungua ufunguo bila kuwasha injini na kuhesabu taa za dashibodi, kwa sababu taa ya injini na ile ya mifuko ya hewa zinatakiwa kuwaka kwanza ndipo zizimike. Isiyowaka kabisa ndiyo inayomtia wasiwasi, maana huenda imeng'olewa. Anachomeka kompyuta ndogo, na asipokuta kosa lolote bado anaangalia kama gari limeshamaliza kujipima lenyewe. Likiwa halijamaliza, huenda kumbukumbu imefutwa muda si mrefu. Anavuta mkanda wa kiti hadi mwisho kutafuta tope na alama za maji. Anasoma tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka, na hapo ndipo “tairi mpya” za asubuhi ile zilipopata umri wao halisi.

Namba ya gari haimsisimui. Mjini watu huzungumza kwa herufi: IST namba D, IST namba E, na kadiri herufi inavyosogea mbele ndivyo bei inavyopanda. Herufi inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. Toleo la kwanza la IST lilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 na kukoma mwaka 2007, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote katika toleo hilo ni mtu mzima mwenye haki ya kupiga kura. Kenya, ambako sheria haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, haiwezi tena kuagiza toleo hilo. Kwetu bado linaingia, linavalishwa namba mpya, na mnunuzi anaona upya wa kibao.

Simu iliita saa tatu na nusu.

Dalali alisogea hatua mbili, si zaidi, na kuzungumza kwa sauti inayosikika. Ndiyo bosi. Bado ipo. Sasa hivi kuna dada anaiangalia. Njoo tu, lakini uwahi. Alipokata alimgeukia muuguzi kwa uso wa mtu aliyebeba jambo zito kwa niaba ya mwingine: kuna jamaa anatoka Morogoro na hela mkononi, saa nane atakuwa hapa, lakini kwa kuwa dada yangu ndiye uliyetangulia, weka laki tatu tu niizuie.

Mteja wa saa nane ni mhusika maarufu. Barabara ya Nyerere yupo, Ngong Road ya Nairobi yupo, na hata Marekani ameandikwa vitabuni. Mwanasaikolojia Robert Cialdini, katika kitabu chake Influence kilichotoka mwaka 1984, anamsimulia kaka yake aitwaye Richard, aliyejisomesha kwa kununua magari yaliyotumika, kuyasafisha na kuyauza tena. Richard hakumdanganya mtu kuhusu mteja mwingine. Aliwapa wote waliopiga simu miadi ya saa ileile. Wa kwanza alifika, akazunguka gari akionyesha mikwaruzo, akaomba apunguziwe. Ghafla wa pili akatokea. Richard alimwomba wa pili asubiri pembeni kidogo, mwenzake amalize. Mtu aliyekuwa akilalamikia mikwaruzo alijikuta anabadilika ndani ya dakika: kama si yeye, ni yule. Na kama wa kwanza alishikilia msimamo, wa pili alikuwa ameshapashwa moto vya kutosha, hasa wa tatu akianza kuonekana kwa mbali.

Cialdini mwenyewe alijiingiza kwenye duka la magari ya Chevrolet akijifanya anajifunza kuuza, na aliona mbinu nyingine, ya kumpa mtu bei tamu, kumwacha ajaze fomu na aanze kulizoea gari, kisha kuliondoa lile punguzo kwa kisingizio cha hesabu iliyokosewa. Mtu akishalipeleka gari nyumbani moyoni, haliachii kirahisi. Mwaka 1978 yeye na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha jambo hilo. Kwetu bei hupanda kwa jina la kubadilisha kadi, au la usumbufu, au la kijana aliyeosha.

Tofauti ya Dar es Salaam ni kwamba simu inatosha. Richard alihitaji watu watatu wa kweli.

Hata hivyo, mtu akikaa yadi hadi jioni, yule dalali anaanza kuonekana vingine. Hana mshahara. Mwenye gari anamwambia: mimi nataka milioni 10, kinachozidi ni chako. Hicho kinachozidi ndicho cha juu, na ndicho chakula. Picha za gari hilohilo wanazo madalali wengine, kila mmoja na bei yake, na atakayewahi kushika kianzio ndiye atakayekula. Wengine wote watakuwa wamepoteza vocha, nauli na siku nzima juani. Ndiyo maana hataki mnunuzi akutane na mwenye gari, na ndiyo maana haraka yake si maigizo matupu. Huenda kweli kuna mtu wa Morogoro. Si lazima awe mteja wake. Anaweza kuwa mteja wa dalali mwingine. Presha anayomshushia muuguzi ni ileile aliyoamka nayo.

Ndiyo maana wapo wanaowakwepa madalali wote na kuagiza Japani wenyewe. Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo mtandaoni kinachoonyesha kodi ya gari kabla halijapanda meli, na magari mengi yanayopita kwenye minada ya kule huwa na karatasi ya ukaguzi yenye mchoro wa bodi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipokarabatiwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Alama ya jumla ikiwa R au RA, gari lilipata ajali na kutengenezwa. Anayejua kuisoma ananunua akiwa na macho. Lakini njia hiyo inataka fedha ya gari na fedha ya kodi, na subira ya baharini, na muuguzi wetu alikuwa na mkopo wa chama cha akiba uliokwisha kuanza kukatwa.

Mchumi George Akerlof aliliandika tatizo hili mwaka 1970, katika makala iliyokataliwa na majarida matatu kabla haijachapishwa. Mwaka 2001 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Mfano wake mkuu ulikuwa magari yaliyotumika. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi hutoa bei ya mtu anayehofia kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa bei hiyo mwenye gari zuri hauzi. Anaondoka sokoni, na yanayobaki ni yale ambayo wenye nayo wanaridhika na bei hiyo.

Fundi hajamsoma Akerlof, lakini anawafahamu wenye magari mazuri, na anawaonea huruma. Alimkuta mstaafu mmoja Mbezi aliyewasha gari lake saa moja kabla ya wageni kufika, akalipasha moto vizuri, akafuta vumbi. Kiganja kilipotua kwenye boneti, fundi alikunja uso. Gari lilikuwa zima, zima kabisa. Mzee alilichemsha kwa heshima tu, ili lisimtie aibu mbele ya watu. Mnunuzi wa siku hiyo aliondoka bila kununua, na fundi anasema hadi leo hana hakika kama alimsaidia mtu yule au alimkosesha.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, na ina Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Kinachosainiwa juu ya boneti, hata hivyo, aghalabu ni karatasi moja yenye majina mawili, namba ya chasi na maneno “kama lilivyo”. Marekani wenyewe, tangu mwaka 1985 muuzaji wa magari yaliyotumika analazimika kubandika dirishani tangazo linaloeleza kama gari lina dhamana au linauzwa kama lilivyo. Kanuni mpya kali zaidi dhidi ya hila za wauzaji zilitangazwa huko Desemba 2023, zikafutwa na mahakama ya rufaa Januari 2025 kabla hazijaanza kutumika.

Muuguzi hakutoa laki tatu. Fundi alimshauri aombe jambo moja, naye akaliomba kwa upole: kesho arudi saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu hajagusa ufunguo, na gari likiamka vizuri atalipa bei aliyotajiwa bila kupunguza hata shilingi. Kwa muuzaji mwenye haraka, ofa hiyo ilikuwa nono kuliko ya mtu wa Morogoro. Dalali alikubali. Katika kukubali aliacha kumwita dada yangu, akaanza kumwita mama.

Usiku, saa mbili na kitu, ujumbe uliingia: samahani mama, gari imeshapata mtu.

Siku chache baadaye picha zilezile zilikuwa mtandaoni, kwa namba nyingine ya simu, na bei imeshuka kwa laki tano. Kioo cha pembeni chenye ufa uleule. Fundi alikuwa tayari kwenda tena, alfajiri, bila malipo ya pili. Muuguzi alikataa. Anasema hajui kama gari lile lilikuwa bovu. Huenda dalali alichoka tu kusumbuliwa. Huenda mtu wa Morogoro alikuja kweli, akatoa kianzio, akashindwa kumalizia. Mpaka makala haya yanaandikwa bado anapanda daladala.

Kuna jambo moja fundi alilisema mwishoni bila kuulizwa. Kabla ya ukaguzi, dalali humvuta pembeni na kumwahidi fungu lake iwapo mteja atanunua. Wakati mwingine fungu hilo huzidi malipo ya ukaguzi wenyewe mara kadhaa. Kwa hiyo ameweka utaratibu: analipwa na mnunuzi kabla hajatoka nyumbani, kiasi kilekile gari liwe zima au bovu, na hamtafutii mtu gari hata akiombwa na ndugu. Alipoulizwa ni mafundi wangapi anaowajua wanaofuata utaratibu kama huo, alifikiri kidogo, akataja wawili. Kisha akasema huyo wa pili hana uhakika naye.